Bafuni kwa Watu, Katikati ya Jangwa

Afadhali niisimulie mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu nasikia huku Minneapolis na Saint Paul kila mtaa una lake: kule Burnsville inasemwa nilitekwa nyara, Frogtown inasemwa nilipotewa na fahamu, na kuna mama mmoja (simtaji, anajijua) anayeapa kwamba nilikutwa uchi, nami wallahi sikuwa uchi, nilikuwa nimevaa buibui langu kamili, ushungi kichwani na sahani ya mahamri mkononi. Viatu tu ndivyo sikuwa navyo. Aibu niliipata, sikatai, tena aibu ya kuwatosha majirani wote wakala wakabakisha, lakini basi iwe ni ile niliyoipata, isiongezwe chumvi.

Mnanijua nilivyo. Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Miaka yote niliyosafisha maofisi kule Golden Valley wenzangu walikuwa wakitazama saa, mimi nikitazama picha zilizo juu ya meza za watu: huyu ana watoto wangapi, huyu mbona ameondoa picha ya mumewe, huyu anakula nini hata droo yake inanukia karafuu. Sigusi kitu. Naangalia tu. Mume wangu Athman, huyu mnayemwita Baba Rukia, ni kinyume changu kabisa. Yeye ameendesha gari la abiria wa uwanja wa ndege, zamu za usiku, amebeba watu wa kila nchi iliyo na bendera, na ukimuuliza leo umempakia nani anakujibu, "Watu."

Basi tulipostaafu, Jumamosi moja akaenda mji wa Savage kuangalia gari, akarudi na nyumba. Gari-nyumba, lile watoto wetu wanaloliita kempa: kitanda nyuma, jiko la gesi, friji ndogo, na choo ambacho sitakieleza hapa kwa sababu wengine wenu mnakula. Jeupe, limezeeka, lina mstari wa kahawia ubavuni na harufu ya kahawa ya mwenyewe wa kwanza. Nikamuuliza, "Baba Rukia, na hii tunakwenda nayo wapi?"

Akasema, "Miaka yote hii, mimi narudi wewe unatoka, wewe unarudi mimi natoka. Sasa twende mahali ambapo hakuna zamu."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kuyasikia yakitoka kwake kwa mkupuo mmoja. Nikaingia chumbani nikajifanya nakunja nguo.

Binti yetu Rukia akatujibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake (Kiswahili anakielewa chote, hata cha kusengenyana, ila kukisema ndiyo hataki), kwamba tumerukwa na akili, kwamba huko kuna dubu, na kwamba baba ana presha. Baba mwenyewe alikuwa nje anapima upepo wa magurudumu.

Tukaondoka mwanzoni mwa Juni. Sitawachosha na safari yote, ingawa natamani, kwa maana niliyoyaona mimi sikujua kama yako nchi hii tunayoikaa miaka na miaka tukizunguka baina ya nyumbani, kazini na dukani. Niliona vilima vya South Dakota vimeliwa na mvua vikabaki vilele vilivyochongoka, vyenye mistari kama keki. Niliona theluji ya Juni kwenye milima ya Wyoming, na chemchemi zinazochemka zenyewe ardhini huku zinanuka mayai viza, nikamuuliza askari wa hifadhi ni nani aliyekuwa wa kwanza kuonja maji yale akaishi, na yule kijana akacheka, akasema miaka yote hajaulizwa swali hilo. Kisha tukateremka Utah, na huko ndiko jangwa, mawe mekundu yamesimama kama minara, mengine yametoboka katikati mbingu inaonekana upande wa pili, na jioni yanabadilika rangi ambazo huwezi kuzitaja zote. Nilikuwa namvuta Athman mkono kila saa, "Hebu tazama lile! Hili nalo lilitobolewa na nini?" na yeye anasema, "Upepo," na kumbe kweli ni upepo, na maji, na baridi.

Lakini kilichonivutia kuliko mawe ni watu. Shoga zangu, ipo dunia nzima ya wazee wanaoishi ndani ya magari! Wamestaafu, wameuza nyumba, wanahama kambi hadi kambi, wanapelekeana keki, wanaazimana nyundo, na kila gari lina mambo yake ndani. Mimi kila nikipita nataka kuona. Wanapika wapi? Wakigombana, yule aliyenuna anakaa wapi? Nikawa nikienda kuteka maji napita njia ndefu ili nichungulie vizuri.

Athman akachoka. "Mama Rukia," akaniambia, "acha kuchungulia madirisha ya watu. Hapa si mtaani kwetu Kibokoni."

Sasa, kambi ya mkasa wenyewe ilikuwa ukingoni mwa bonde kubwa, si bonde la kulima, ni korongo, ukisimama kwenye ule uzio mfupi unatazama chini mpaka unarudi nyuma mwenyewe. Jirani zetu walikuwa mke na mume kutoka Nebraska, wakulima waliostaafu, Lorna na Wendell, na kijibwa chao ambacho jina lake lilikuwa Biskuti. Gari lao lilikuwa kubwa kama basi, na kuta zake zilikuwa za kuchomoza nje kama mtoto wa meza, kiasi kwamba likisimama linanenepa. Jana yake Lorna alinisimulia kwamba ndani lina bafu lenye kibaraza cha kukalia na dirisha kwenye paa, unaoga unaona mbingu. "Siku moja uje uone," akaniambia. Alisema siku moja. Mimi nikaiwaza ile siku moja usiku kucha kama miadi ya daktari.

Asubuhi nikakanda, nikachoma mahamri yenye iliki na nazi ya kopo. Athman alikuwa ameinama kwenye injini. Nikamwambia, "Nawapelekea majirani mahamri."

Hakuinua kichwa. "Unapeleka mahamri au unapeleka macho?"

Likanichoma. Likanichoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Nikamjibu (na jibu hili lisahauni nyote, mimi ndiyo sitalisahau), "Basi nikipotea huko ndiyo utapumzika," nikashika sahani yangu, simu nikaiacha inachajiwa, nikaenda zangu.

Nikafika. Hodi. Hodi tena. Mlango wazi, watu hawapo. Na hapa ndipo ningeweza kuiweka sahani juu ya ngazi nikarudi kwangu, nisiwe na la kuwasimulia hii leo. Lakini nikajiambia, sisimizi wataingia. (Sisimizi gani, jangwani, juu ya ngazi ya chuma?) Nikajiambia nitaweka mezani tu, nitoke. Nikavua ndara zangu kama mtu aliyelelewa, nikazipanga vizuri chini ya ngazi, sambamba, pua zikielekea nje, nikaingia pekupeku.

Lo! Friji ya milango miwili. Jiko lenye oveni. Vikombe vimetundikwa, kila kimoja kimevishwa soksi kisigongane. Nikaona nafasi ni finyu kuliko nilivyodhani, makochi yamekaribiana, wala sikujiuliza kwa nini. Ningekuwa na akili yangu ningejua kwamba zile kuta zimeshavutwa ndani, na vikombe vimeshavishwa soksi, kwa sababu wenye gari wanaondoka! Mimi sahani mkononi, nikasogea, nikasogea, nikafungua mlango wa bafu. Kweli kibaraza kipo. Nikakaa kujaribu. Nikainua uso, na kweli mbingu ile pale, samawati, na ndege mmoja anazunguka juu. Nikasema moyoni, kumbe binadamu anaweza kuoga namna hii.

Nikasikia sauti ya Lorna mlangoni.

Sekunde ile moja ningesema, "Lorna, ni mimi, nimeleta mahamri," yangekwisha kwa kicheko. Mkono wangu ukavuta mlango wa bafu ukafunga. Niulizeni kwa nini. Sijui! Niliona aibu kukutwa nimekaa bafuni kwa mtu, nikadhani watachukua kitu watoke tena, nami nitoke nyuma yao kama niliyekuwa napita. Badala yake mlango wa nje ukafungwa, injini ikaunguruma, sakafu ikatetemeka chini ya nyayo zangu, na lile jumba likaanza kwenda.

Hata hapo ningeweza kupiga kelele. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini nikamsikia Wendell akimwambia mkewe, "Sasa usinisemeshe, mpaka tupite hizi kona," na mimi ile barabara nilikuja nayo, naijua, ni nyembamba, upande mmoja mwamba na upande mwingine hakuna kitu, hewa tupu mpaka chini, na nikawaza mzee huyu akisikia mwanamke anapiga ukelele chooni kwake, mikono yake itafanya nini kwenye usukani? Tutakufa sote, na Rukia ataambiwa mama yake alikutwa wapi? Nikanyamaza. Nikashikilia bomba, nikasoma kila sura ninayoijua.

Biskuti ndiye aliyenigundua. Akaja kunusa chini ya mlango, akaanza kulia kwa sauti nyembamba, na mimi kwa mbwa mnanijua, nikapandisha miguu juu ya kibaraza na buibui nimelikusanya magotini asije akanilamba. Lorna akaita, "Biskuti, kuna nini huko?" Nikamega hamri, nikasukuma kipande kwenye uwazi wa chini. Akanyamaza. Akala. Akarudi. Nikamega tena. Tukaenda hivyo, kona hadi kona, mimi juu ya kibaraza kama kuku kwenye kiota, naye chini ananidai.

Mwishowe gari likasimama. Nikasikia watu wengi nje, nikajua tumefika mahali pa kutazama mandhari. Nikawaza, watashuka wote, nami nitashuka nyuma yao. Lakini Lorna akasema, "Mbona mbwa huyu ana makombo mdomoni?" na nyayo nzito zikaja, na mlango ukafunguliwa, na Wendell akasimama mbele yangu, mwanamume mrefu mwenye kofia, akinitazama nimejikunja juu ya kibaraza chake nimevaa nyeusi juu mpaka chini.

Nami, kwa kuchanganyikiwa, sijui ulimi wangu ulitoka wapi, nikamnyooshea sahani nikasema kwa Kiswahili, "Karibu!"

Nilimkaribisha mtu bafuni kwake.

Wendell alipiga ukelele sijapata kuusikia kwa mwanamume wa umri ule, akarudi kinyumenyume mpaka akatoka nje, akipiga makelele kwamba kuna mtu bafuni, kuna mtu bafuni! Na nje pale, kwa bahati yangu, lilikuwa limetua basi zima la watalii na kamera zao shingoni. Nikatoka nami, ningefanya nini, na lami ya jangwa ile saa nne imeshawaka, nikawa nachupa mguu huu, nachupa mguu huu, sahani mkononi, kama mtu anayecheza ngoma isiyo na mdundo. Simu zikainuliwa. Bibi mmoja akamwambia mwenzake, "Maskini, ni sista wa kanisa." Kiingereza changu chote cha miaka mingi kikanikimbia, nikabaki na "sori" tu, sori huku, sori kule.

Kisha akaja askari wa hifadhi, mwanamke, anatembea haraka na mkono uko kiunoni penye bastola, na hapo kicheko chote kiliniishia ndani. Nanyi mnajua ninachosema, hatuhitaji kuelezana. Nilikuwa mgeni mweusi niliyetoka mafichoni kwenye gari la wazee wawili. Nikainua mikono juu, na sahani, na mahamri yakaanguka moja moja.

"Huyo ni Zuhura!" Lorna akapaza sauti, akaja akasimama mbele yangu, mfupi kama mimi, mikono kaitandaza. "Ni jirani yangu! Mimi ndiye niliyemwambia aje aone bafu!"

Askari akasimama. Na pale pale redio begani mwake ikaanza kusema, na sisi sote tukasikia: anatafutwa mwanamke wa makamo, Mwafrika, mfupi, amevaa vazi refu jeusi, inahofiwa ameanguka korongoni, viatu vyake vimekutwa ukingoni.

Yule askari akateremsha macho polepole mpaka kwenye miguu yangu.

Nami nikayateremsha yangu. Na ndipo nilipoona nilichokifanya, kwa maana mlango wa Lorna ulikuwa unaelekea korongoni, na gari likishaondoka, pale chini kilichobaki ni ndara zangu peke yake, sambamba, zimepangwa vizuri, zimeelekea kwenye uzio. Na mume wangu nilimwachia maneno gani asubuhi ile?

Walionirudisha ni yule askari na Lorna, ambaye alikataa kuniacha nipande peke yangu, akanishika mkono njia nzima. Kambini tukakuta watu wamejaa, wengine wameshika darubini wanatazama chini. Baadaye waliniambia Athman alisimama kwenye ule uzio akaliita jina langu. Si Mama Rukia, jina langu. Mwanamume asiyepaza sauti hata akibanwa na mlango, aliita "Zuhura" mpaka sauti ikakatika, na korongo linamrudishia.

Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, ndara zangu amezipakata. Aliponiona hakunikimbilia. Alisimama, akashindwa, akakaa, akasimama tena. Nikaanza kujieleza, "Baba Rukia, wallahi nilikwenda kuweka sahani tu, sasa sisimizi..." Hakunisikiliza. Alipiga magoti pale kwenye vumbi, mbele ya maaskari na Wazungu wote wale, mtu ambaye hajawahi kunishika mkono barabarani tangu anioe, akanivisha ndara, mguu mmoja, na wa pili, akakaa vile vile ameinamisha kichwa.

Kisha akauliza, kwa ile sauti yake iliyokatika, "Hilo bafu umeliona?"

"Nimeliona."

"Zuri?"

"Zuri."

Akaanza kulia, na mimi nikaanza kulia, na Lorna akaanza kulia, na Wendell, ambaye alikuwa amefika na gari lake, akavua kofia, akatuomba radhi kwa kupiga kelele. Yeye ndiye aliyetuomba radhi sisi! Yule askari aliniambia kwa upole kwamba mara nyingine nigonge, na nikikosa mtu niondoke, nikamwambia ndiyo mwanangu, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mngedhani yameishia hapo. Ehe! Athman katika ule wazimu wake alikuwa ameichukua simu yangu, akabonyeza kilichotangulia mbele, na kilichotangulia ni grupu letu la akina mama wote wa Minneapolis na Saint Paul, akaacha sauti, maneno machache tu: "Mama Rukia haonekani. Viatu vyake viko ukingoni. Niombeeni." Kisha mtandao ukakatika. Tulipofika mji wenye mtandao, simu ilitetemeka mpaka ikaanguka kutoka mezani. Watu wameshasoma dua. Wengine wameshaanza kupanga nani atapika. Rukia alikuwa uwanja wa ndege na begi, na alipoisikia sauti yangu akasema kwa Kiswahili, safi kabisa, "Mama, ulikuwa wapi?"

Mara ya kwanza ananisemesha Kiswahili tangu awe mtu mzima, na jibu ninalopaswa kumpa ni, "Bafuni kwa watu."

Safari tuliimaliza (Athman alikataa kurudi mapema, alisema tulichokwenda kukitafuta bado hatujakimaliza), na tuliporudi ndipo nilipoanza kulipia. Kwa sababu mtu aliyekuombea huwezi kumdanganya. Nilikwenda nyumba hadi nyumba kushukuru, na kila nyumba ni swali lile lile. Kwa Mama Furaha, jirani yangu wa Frogtown aliyetoka Kongo, nilikuta wenzake wa kanisani wamejaa sebuleni. Akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

"Mama Rukia, sisi tulifunga juu yako! Hata watoto walifunga! Malaika alikuficha wapi?"

Nikaangalia nyuso zile zote, zina furaha, zinangoja muujiza. Nikasema, "Malaika hakuwepo, Mama Furaha. Nilikuwa nimejificha bafuni kwa Wazungu."

Kisha Mama Furaha, taratibu, kwa Kiswahili chao cha Kongo ambacho bafu ni dushi, "Mu dushi? Mu dushi ya watu?"

"Ndiyo. Nilikwenda kuliona."

Walicheka, shoga zangu, walicheka wakashikana mabega, kuna mzee alitoka nje kwenda kuchekea uani, na mimi nimesimama katikati ya zulia sina pa kuingia. Walipomaliza wakanipa chakula, wakataka nisimulie tena kutoka mwanzo.

Kutazama sitaacha, siwezi kuwaahidi hilo, nina macho. Lakini nimeapa, na mniwekee ushahidi: siku nyingine nikikutwa mahali nisipopaswa kuwapo, hata iwe ni ndani ya kabati la mfalme, nitatoka palepale, niseme jina langu, niaibike mbele ya mtu mmoja, yaishe. Ile aibu ndogo nilikuwa nayo mkononi, nikaikataa. Nikaifungia mlango, na ulipofunguliwa ikawa imekuwa kubwa, imebeba basi la watalii, maaskari, kanisa zima, na mume wangu amepiga magoti kwenye vumbi.